Jinsi ya kusoma zile riwaya za mapenzi za Kikristo za zamani zenye fumbo, kama hutaki kupitwa

Mimi ni fundi cherehani, niko Busia upande huu wa Uganda, na vitabu nasoma kati ya mteja na mteja. Nikisema nasoma riwaya za mapenzi watu wananiangalia vibaya, nikiongeza kwamba ni za Kikristo wanatulia, halafu nikisema ndani kuna mzee amewekewa sumu kwenye chai wanataka kuazima papo hapo. Sasa wanaoazima wakirudisha wimbo ni ule ule, ati mbona sikumjua muuaji mpaka mwisho. Dada yangu, hukumjua kwa sababu uliruka. Mahubiri uliruka, nguo uliruka, ule mwaka juu ya sura ya kwanza hata hukuuona, ulikuwa unakimbilia pale kaka anamshika dada mkono. Mwandishi anajua unaruka, ndio maana akaficha kitu hapo.

Kwanza kununua. Vingi tunavipata mitumba, vimepangwa chini kando ya barabara Kampala, elfu tano, elfu saba, ukijua kuongea unapunguziwa. Niliwahi kununua kimoja nikakisoma siku nne, banange, nafika mwisho kurasa kama kumi hazipo, zimechanwa, na mpelelezi ndio alikuwa amefungua mdomo ataje jina. Mpaka leo sijui. Kwa hiyo fungua nyuma uangalie namba za kurasa tu, maneno usisome, funika na kidole. Halafu angalia kwenye jalada kama ni cha kwanza au cha pili, hivi vitabu hupenda kutoka vitatu vitatu, kila dada wa nyumba ile au kila rafiki anapewa chake, ukianza na cha pili ushajua wa cha kwanza aliolewa na nani na utamu umeisha.

Ukishakaa nacho, mwaka. Andika mwaka kwenye karatasi ndogo uifanye alama ya kitabu, maana mwaka ndio unakuambia nini kinawezekana. Kama ni Uingereza ya 1815 usingoje polisi waje, polisi wa London wenyewe wameanza 1829, kabla ya hapo kulikuwa na wale wapelelezi wachache wa Bow Street, na vijijini ni mwenye shamba kubwa ndiye hakimu, sasa jiulize kama hakimu mwenyewe ndiye mwizi itakuwaje. Alama za vidole sahau, Scotland Yard, yaani makao ya polisi wa London, wameanzisha ofisi yake 1901. Na sumu ya panya, ile arseniki, ilikuwa inauzwa dukani kama sisi tunavyonunua chumvi, mtu akila anaharisha na kutapika kama ana kipindupindu, na kipimo cha kuaminika cha kuikamata mwilini kimekuja 1836. Yaani kitabu kikiwa cha 1820 na daktari anasema ni tumbo tu, huyo daktari anaweza kuwa msema kweli kabisa na mtu bado ameuawa.

Barua pia. Mpaka 1840 Uingereza, mara nyingi anayepokea ndiye analipa, na bei inaenda kwa umbali na idadi ya karatasi. Kwa hiyo msichana maskini akiletewa barua na hana hela, barua inarudi, na ile barua ndiyo ilikuwa imebeba kila kitu. Ukiona barua imekataliwa kwenye sura ya pili weka tiki, itarudi tu.

Hapa kwenye pesa na ndoa usiwe na haraka, ndipo sababu za watu kuuana zimelala. Kabla ya sheria ya 1882 kule Uingereza, mwanamke akiolewa sehemu kubwa ya mali yake inaingia mikononi mwa mume. Soma tena hiyo. Sasa yule kijana mtanashati mwenye madeni anayemzungukia binti mwenye urithi, si mapenzi peke yake hayo. Na kama binti hajafika miaka 21 na baba amekataa, wanakimbilia Gretna Green, mpakani tu ukiingia Scotland, huko sheria ilikuwa nyingine, wanaoana bila ruhusa ya mzazi. Mimi nakaa mpakani, mambo ya kuvuka ili sheria ibadilike sihitaji kuelezwa! Wengi wasiokimbia wanatangazwa kanisani Jumapili tatu, vile vile kama Church of Uganda wanavyosoma matangazo mpaka leo, na kitabuni ukiona yule mchungaji anauliza kama kuna mwenye pingamizi, usimwangalie bibi harusi, angalia nani amekaa kiti cha nyuma.

Za Marekani ni hivyo hivyo, ila huko ni ardhi na majina. Moto wa Chicago wa Oktoba 1871 ulichoma mpaka jengo la mahakama na kumbukumbu za ardhi zilizokuwa ndani, fikiria Kampala hati za viwanja zote ziungue usiku mmoja, asubuhi wangapi watajitokeza kusema kile kibanja ni cha babu yao? Ndio maana waandishi wanaupenda ule moto, mtu anaweza kuzaliwa upya na jina jipya. Na usicheke ukikuta shujaa wa kike ni mpelelezi, ofisi ya upelelezi ya Pinkerton ya Chicago ilimwajiri Kate Warne 1856, huyo alikuwepo kweli.

Sasa nguo, hapa ni kwangu. Kuna kimoja mume alikufa Machi, watu wote kijijini wanalia, mwezi wa sita mjane anashuka kwenye gari la farasi na gauni la zambarau hafifu lenye lesi. Mwandishi hakusema kitu, akaendelea kuelezea maua. Mimi nilisimamisha cherehani. Enzi za Malkia Victoria mjane alikuwa anatarajiwa kukaa kwenye nyeusi, tena ile krepu isiyong'aa, mwaka mzima na zaidi, ndio aje apunguze polepole mpaka afike kijivu na zambarau, yote kama miaka miwili. Miezi mitatu na zambarau? Na lile gauni lilimkaa vizuri kiunoni, maana yake lilipimwa kabla, na gauni la namna ile si la siku mbili, tena kushona kwa mkono. Aliliagiza lini? Nikaandika jina lake kwenye karatasi ukurasa wa 60 na kufika 290 nikacheka peke yangu, mteja akadhani namcheka yeye na gomesi yake.

Mahubiri nayo. Najua unasema mahubiri nimeyasikia Jumapili, lakini mwandishi anachagua neno kwa sababu. Mchungaji akihubiri Yusufu na ndugu zake, kanzu ina damu na baba analia, mimi naanza kushuku kwamba kaka aliyezama baharini yuko hai mahali. Mstari ukiwa ni Hesabu 32:23, ile ya dhambi itakupata, basi kuna mtu mzima anayeheshimika na kosa la miaka ishirini. Weka Biblia ya Kiswahili karibu, mistari kule wanaiandika kwa Kiingereza cha zamani cha King James na ukifungua kwa lugha yako unaona haraka anaelekea wapi. Si kila mara inafanya kazi, saa zingine ni mahubiri tu.

Kuhusu mapenzi yenyewe sina mengi. Ni safi, mwisho busu, unaweza kumwachia binti yako wa sekondari ila umwambie kuna maiti. Atakayemwoa shujaa wetu mara nyingi si muuaji, hata kama katikati ya kitabu kila mtu anamnyooshea kidole na yeye mwenyewe ameacha kusali. Mchunguze yule mchumba wa kwanza ambaye familia inampenda, hana huzuni yoyote, sala yake mezani ni ndefu mpaka supu inapoa.

Kitu kimoja hunikera na nawaambia wenzangu wakitazame, ile nyumba kubwa yenye vyumba arobaini, pesa zilitoka wapi? Kama ni Uingereza kabla ya 1834 na baba ana mashamba ya miwa Jamaica, wale waliolima walikuwa watumwa, watu weusi kama sisi. Wengine wanaandika vizuri, fumbo lote linakuwa ni hiyo siri na toba inakuwa toba ya kweli. Wengine wanapita juu juu na kuendelea na dansi. Sikatazi kusoma, nasema uliza tu.

Mwisho, msisome peke yenu. Sisi tuko watano, tunakutana Jumapili baada ya ibada, tunasimama wote kwenye sura moja ya katikati, kila mtu anaandika jina la anayemshuku kwenye kikaratasi, anakunja, anaweka kwenye kopo langu la vifungo. Kitabu kikiisha tunafungua, aliyekosa ananunulia waliopata rolex, ile chapati yetu ya kukunjia mayai. Mama mmoja mzee ambaye hata mwaka haandiki anapata kila mara, anasema yeye anaangalia tu nani hasalimii wafanyakazi wa jikoni. Mwaka huu nimeshamlipa rolex nne.