Jinsi ya kuomba ruhusa ya kufuga kuku uani Dar: maranda kwanza, barua baadaye

Wengi wakiamua kufuga nyumbani hukimbilia kuandika barua. Barua ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Maombi hukwama siku afisa mifugo au bwana afya anapopita kukagua, na haji kwa miadi. Pua yake ikianza kazi tangu getini, hata banda lingekuwa na vigae, mazungumzo yameshaharibika. Kwa hiyo malizana na matandiko ya banda kabla hujashika kalamu.

Chaguo la kwanza kwa Dar ni maranda ya mbao, yale magamba yanayotoka kwenye mashine ya kuranda. Vumbi la msumeno ni kitu kingine: vifaranga hulila, likikauka linawaingia kifuani, likilowa linagandamana kama ugali. Kwa mafundi samani wa Keko na Buguruni maranda hayakosekani, ila uliza yametoka kwenye mbao gani. Yaliyotoka kwenye mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kijani, yaache hata ukipewa bure. Yenye harufu ya vanishi pia yaache. Hayo mengine yamwage juani, yageuze, kisha pitisha sumaku. Misumari midogo hutokea, na kuku akiona kinachong'aa anameza.

Maranda yakiadimika, maganda ya mpunga kutoka mashine ya kukoboa yanafaa. Taja maganda, usije ukafungiwa pumba laini za kulishia. Hayanyonyi maji vizuri kama maranda, lakini hayashikani upesi. Kuchanganya nusu kwa nusu ni mpango mzuri wa masika. Majani makavu yakipigwa na unyevu wa huku huota ukungu, na ukungu huo huua vifaranga kupitia mapafu. Gazeti chini ya vifaranga linateleza. Wanaishia miguu imetanuka pembeni.

Kipimo: kuku watano wa mayai kwa mita moja ya mraba, kina cha maranda sentimita 8 hivi. Banda la mita 3 kwa 2 litachukua kuku 30 na salfeti nne au tano zilizojaa. Ukiweka sentimita 3 ili kubana matumizi, utabadilisha mara tatu zaidi, na salfeti utanunua zilezile.

Kinacholowesha maranda mara nyingi si kinyesi, ni chombo cha maji. Kinyanyue juu ya tofali, ukingo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku, na chini yake uweke kipande cha wavu. Kinachofuata ni mvua ya pembeni kuanzia Machi hadi Mei: upenu wa bati utoke angalau sentimita 60 nje ya ukuta. Pindua maranda kwa reki kila baada ya siku mbili au tatu, mabonge yaliyogandamana yatoe nje. Kupima ni rahisi: kamata konzi ya maranda, minya, achia. Yakibaki donge, yamelowa. Yakitawanyika taratibu, yako sawa. Yakitimka vumbi, yamekauka mno. Unyevu huo wa donge ndio unaoleta kuhara damu, si harufu peke yake.

Na hapa ndipo wengi wanapojichoma. Wakisikia afisa anapita mtaa wa pili, wanamwaga chokaa juu ya maranda machafu. Chokaa inapokutana na kinyesi kibichi huachilia gesi ya amonia kwa kasi, na nusu saa baadaye banda linanuka kuliko asubuhi. Chokaa mahali pake ni kwenye sakafu tupu, baada ya kufagia na kuosha. Iache ikauke, kisha weka maranda mapya juu. Kama huna muda wa hayo, toa mabonge, ongeza maranda makavu, fungua madirisha. Usiamini pua yako mwenyewe, imeshazoea. Chuchumaa usawa wa kuku: macho yakiwasha, wenzako wanaishi humo usiku kucha.

Sasa ofisi. Dar ina halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam (Ilala ya zamani), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja na sheria ndogo zake, kwa hiyo alichoruhusiwa shemeji yako wa Mbagala si hoja Sinza. Anzia serikali ya mtaa. Ukiruka ukaenda moja kwa moja halmashauri, utaulizwa barua ya mtaa, na nauli imeshaliwa.

Barua iwe ukurasa mmoja: idadi na aina ya kuku, vipimo vya banda, umbali hadi ukuta wa jirani, maji ya kuoshea yanaishia wapi, samadi inakwenda wapi. Mpangaji aambatishe saini ya mwenye nyumba. Kama unafuga wa mayai, andika wazi kuwa hakuna jogoo. Mayai yatatagwa bila yeye, na majirani watalala. Waombe majirani wa pande zote waweke saini mapema, kabla hawajasikia kelele. Malalamiko ya jirani mmoja yana nguvu kuliko sheria ndogo nzima.

Muhuri wa mtaa una ratiba yake. Mtendaji akiwepo, mwenyekiti yuko msibani. Mwenyekiti akirudi, kabati limefungwa. Nenda asubuhi, siku isiyo ya kikao, na nakala mbili. Pale ofisini uliza: sheria ndogo ipi inahusu ufugaji mjini, na naweza kuipiga picha? Ukijibiwa "huwa tunatumia busara tu", omba busara hiyo iandikwe kwenye barua.

Ukiambiwa kuna ada, omba kumbukumbu namba ya malipo, ulipe kwa simu au benki, utunze risiti. "Hela ya karatasi" inayopokelewa mkononi haina risiti, na afisa akihamishwa, kumbukumbu yako inahama naye.

Kwenye ukaguzi toa daftari la chanjo. Afisa mifugo wa kata ataulizia kideri kwanza: chanjo ya I-2 inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, tone moja jichoni, rudia kila miezi 3. Andika tarehe na namba ya toleo la kichupa. Muoneshe pia samadi: kwenye viroba vilivyofungwa, chini ya turubai, mbali na mtaro. Wakulima wa mboga huinunua, lakini iozeshwe kwanza. Mbichi huunguza mchicha. Mzoga usitupwe jalalani. Ufukie kwenye shimo refu, na kuku wakifa kadhaa kwa mkupuo piga simu kwa afisa kabla ya kufukia.

Ruhusa ikitoka, soma idadi iliyoandikwa. Waliotajwa 30 ni 30. Ukitaka 100, omba upya. Ukianza kuuza mayai kama biashara, leseni yake ni ombi jingine, kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, na namba ya mlipa kodi uwe nayo tayari kabla ya kufungua ukurasa.