Baraza la mbao likianza kuoza, ingia chini kwanza kabla hujanunua ubao hata mmoja

Naandika hii kwa mtu mwenye baraza la mbao nje ya nyumba, yaani ile sakafu ya mbao iliyokaa juu ya nguzo, wengine wanaiita deki, na anaishi sehemu yenye unyevu mwingi, zile sehemu ambazo hata nguo kwenye kamba zinalala mbichi. Mbao zimekuwa nyeusi, kuna moja inabonyea ukiikanyaga, na sasa unajiuliza nibadilishe hiyo moja au ning'oe zote. Jibu huwezi kulipata ukiwa umesimama juu, inabidi ulale chali uingie chini na tochi.

Mimi nilijifunza vibaya. Nilibadilisha mbao zote za juu, mpya kabisa, nikapaka mafuta, likapendeza kweli, alafu misimu miwili ya mvua baadae mama yangu akatoka nje na beseni la nguo, sakafu ikashuka na mguu wake ukaingia mpaka gotini. Ubao wenyewe ulikuwa mzima! Kilichokatika ni boriti ya chini, ilikuwa imeoza kwa juu kwenye mstari wa matundu ya misumari ya zamani, na mimi nilikuwa nimezipigilia mbao mpya kwenye boriti hiyo hiyo bila hata kuigusa. Mama alipona na michubuko tu, namshukuru Mungu, lakini toka siku ile sikubali mtu aniambie amekarabati baraza kama hajachafuka mgongo.

Elewa kitu kimoja kwanza maana kila kitu kinachofuata kinatoka hapo. Mbao inaozeshwa na kuvu, na kuvu anahitaji maji. Unyevu wa ndani ya mbao ukiwa chini ya asilimia 20 hafanyi kitu, ukifika kama asilimia 30 hapo anakula vizuri kabisa. Mvua ikinyesha na ubao ukakauka kesho yake hakuna shida. Shida ni kwamba sehemu za unyevu hewa yenyewe imeshiba maji, ubao ulioloa leo unakutwa na mvua ya kesho haujakauka, na pale ambapo mbao mbili zimebanana ndio kabisa, maji yanaingia yanakaa humo wiki nzima. Kwa hiyo ukarabati wa huku sio kubadilisha mbao tu, ni kutafuta kila sehemu ambayo maji yanajificha na kuyafungulia njia.

Haya, kukagua. Chukua bisibisi bapa, tochi, nguo chakavu, barakoa kama una kifua. Toboa kwa nguvu ya mkono tu usitumie nyundo. Mbao nzima inakataa, bisibisi inaingia kidogo inagoma, na ukiibetua inatoa kijiti kirefu chenye nyuzinyuzi na unasikia kabisa kinalia kwa kukatika. Mbao iliyooza inapokea bisibisi kama keki, ukibetua inamegeka vipande vifupi bila sauti yoyote. Hiyo sauti ndio mimi naisikiliza zaidi, maana rangi inadanganya, kuna ubao mweusi wa ukungu wa juu juu lakini ndani ni mgumu kama jiwe, na kuna boriti imepakwa rangi safi ndani ni unga.

Toboa kwenye vichwa vya mbao pale zilipokatwa, maana kichwa cha ubao kinanyonya maji kuliko ubavu wake, ni kama mirija iliyokatwa. Toboa juu ya boriti katikati ya mbao mbili. Toboa nguzo pale inapokutana na udongo, sentimita chache juu na chache chini, ukibidi fukua kidogo, hapo ndio nguzo inaoza kwanza kwa sababu maji yapo na hewa ipo. Na boriti iliyoshikana na ukuta wa nyumba itoboe mwanzo mpaka mwisho. Ukiona vijia vya udongo vinapanda kwenye nguzo, hao ni mchwa, usianze useremala kabla hujamaliza ishu yao, la sivyo unawaletea chakula kipya.

Sasa kuamua. Kama nguzo na boriti ni nzima na mbovu ni mbao za juu tu, badilisha mbao, hapo una bahati. Boriti moja mbili zimeliwa, zinatibika. Lakini kama nguzo kadhaa zimeoza chini, au boriti ya ukutani imelainika, au ukishika baraza ukalitikisa linacheza lote, mimi nakwambia vunja ujenge upya, na kwa sasa zuia watu wasipite. Najua bajeti inauma, lakini kuweka mbao mpya juu ya mifupa iliyooza ni kulipa mara mbili.

Boriti ya ukutani ndio naiogopa kuliko zote. Mabaraza mengi yanayoanguka na watu yanachomokea hapo, na mara nyingi unakuta ilipigiliwa misumari mitupu. Msumari unachomoka taratibu mzigo ukivuta kwenda nje, na maji ya mvua yanayoteremka ukutani yanaingia nyuma ya boriti yanaozesha kila kitu bila wewe kuona. Inatakiwa ishikwe na bolti za kupenya, za milimita 12 hivi, na washa zake, na juu yake kuwe na bati lililokunjwa ambalo upande mmoja unapanda ukutani chini ya plasta au ubao wa ukuta na upande mwingine unashuka mbele ya boriti, ili maji yatiririke nje. Ila kama unajenga upya, ushauri wangu ni achana na ukuta kabisa. Weka nguzo zake zenyewe karibu na nyumba, zifunge na mbao za mshazari zisiyumbe, acha nafasi ya vidole viwili kati ya baraza na ukuta, hewa ipite. Utaongeza nguzo mbili tatu lakini ukuta wa nyumba yako unabaki salama.

Nguzo usizike kwenye udongo na usizike ndani ya zege. Watu wanadhani zege inalinda, kumbe nguzo ikikauka inasinyaa, panabaki uwazi mwembamba pembeni, maji yanaingia humo na hayana pa kutokea, umetengeneza kikombe. Mwaga zege ije juu ya usawa wa ardhi, uso wake uteremke pembeni kama mgongo wa kobe, kisha nguzo ikae kwenye kiatu cha chuma kinachoiinua sentimita kadhaa. Kama unabadilisha nguzo moja tu, weka jeki ya gari juu ya ubao mnene, simamisha gogo juu ya jeki mpaka kwenye boriti, pandisha milimita chache tu ili mzigo utoke kwenye nguzo, usipandishe mpaka uanze kusikia baraza linalia. Na usiingie chini kama kinachoshikilia ni jeki peke yake, weka egemeo la pili.

Boriti iliyooza juu kidogo, kama sentimita moja hivi, ikwangue kwa patasi mpaka ufike kwenye mbao ngumu, paka dawa ya mbao, iache ikauke, alafu ipe mwenzake, yaani boriti mpya ya kimo kile kile ubavuni mwake, ikiwezekana urefu wote kutoka egemeo hadi egemeo, ifungwe kwa bolti. Iliyooza zaidi ya hapo itoe. Ukishapachanisha boriti mbili hivyo umetengeneza mfereji kati yao, kwa hiyo lazima juu ufunike na mkanda wa lami ule wa kubandika. Huo mkanda bandika juu ya boriti zote hata nzima, ni kitu cha bei ndogo na ndio kinachozuia maji ya matundu ya skrubu, yale yale yaliyomwangusha mama.

Mbao za kununua: kama ni za miti laini chukua zilizotiwa dawa kwa presha, za kupaka brashi dawa inaishia milimita chache tu. Kama ni mbao ngumu za asili kama mtiki au mvule ni nzuri sana, ila angalia rangi, ile sehemu nyeupe ya pembeni ya mti haina uimara hata kwenye mti unaosifiwa, chagua zenye rangi nzito mwili mzima. Na kila unapokata ubao, hata uwe na dawa ya presha, umefungua kichwa ambacho dawa haijafika, kipake pale pale kabla hujaufunga, usiseme nitapaka jioni.

Kwa ubao wa unene wa milimita 25 boriti ziwe sentimita 40 kutoka katikati hadi katikati. Kati ya ubao na ubao acha kama milimita 5, mimi natumia msumari wa nchi nne kama kipimo, nauchomeka naondoa. Mbao zikija bado zimeloa dawa zisogeze karibu zaidi maana zitasinyaa zenyewe. Tumia skrubu sio misumari, urefu wa sentimita 6 hivi, za stenlesi au zilizochovywa kwenye zinki ya moto, kwa sababu dawa za mbao za siku hizi zina shaba na shaba inakula chuma cha kawaida haraka, na ukiwa karibu na bahari chukua stenlesi tu. Toboa na drili kwanza, hasa karibu na kichwa cha ubao, usije ukapasua. Alafu simamisha mkono kichwa cha skrubu kinapolingana na ubao. Ukizidisha kikazama unaacha kashimo, kila mvua kashimo kanajaa, na baada ya muda utaona doa jeusi linazunguka kila skrubu, ndio kuvu ameshaanza.

Mbao za zamani ulizong'oa usizifanye kuni. Kuna dawa ya zamani yenye aseniki, Marekani viwanda viliacha kuitia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003 lakini mbao zake bado zipo nyingi tu, moshi na majivu yake ni sumu, na ukizipiga msasa vaa barakoa.

Kupaka: achana na vanishi. Inang'aa vizuri mwezi wa kwanza, alafu jua linaipasua, maji yanaingia kwenye ufa na yanashindwa kutoka kwa sababu yamefunikwa. Mafuta ya kupenya, yaani yanayozama ndani ya ubao kama ya kitani, ndio yanafaa, yanafifia taratibu na unaongeza tu bila kukwangua. Subiri ubao ukauke, dondoshea tone la maji, likinyonywa ndani ya dakika chache ubao uko tayari, likikaa kama shanga bado. Paka kidogo, futa kinachobaki juu baada ya robo saa. Na vitambaa ulivyofutia usivirundike kwenye ndoo, mafuta ya kitani yakikauka yanatoa joto na rundo linaweza kuwaka lenyewe, vianike nje kimoja kimoja.

Chini ya baraza fyeka majani, toa mbao na makopo uliyohifadhi humo, usizibe pembeni kote kwa mbao, hewa lazima ipite. Juu, vyungu vya maua viwekee miguu. Na kila majani yakidondoka chukua kisu butu upitishe kwenye kila mwanya, ule uchafu mweusi unaotoka ukiubinya utaona unachuruzika maji hata kama mvua ilinyesha juzi.