Somo: Mabano ya mbao ya kutundikia ngazi ukutani

Ngazi iliyoegemezwa ukutani huteleza na kuangukia watu, na ya mbao ikilazwa chini mchwa huimaliza. Mabano mawili ya mbao yanatosha kumaliza shida hiyo. Kila bano lina mgongo unaofungwa ukutani, mkono unaotokeza mbele, mshazari unaoushikilia mkono kwa chini, na kizuizi kwenye ncha ya mkono ili ngazi isiteleze. Vipimo vya hapa ni vya ngazi isiyozidi mita 4 na uzito wa kilo 20 hivi, kwenye ukuta wa tofali za saruji za inchi 5 au 6.

Kinachoshindwa mara nyingi ni ukuta, si mbao. Ndiyo maana ngazi inatundikwa kwa ubavu: mguu wa juu (mti mrefu wa pembeni) unakaa juu ya mikono ya mabano, vidato vinaning'inia. Ukiilaza bapa kama rafu utahitaji mkono wa karibu sm 45. Uzito utasogea mbali na ukuta, na skrubu ya juu itavutwa nje kwa nguvu takribani mara mbili.

Vifaa
- Mbao ya inchi 2 kwa 4 iliyokauka, futi 6
- Mbao ya inchi 2 kwa 2, futi 2
- Skrubu za mbao za sm 8, 12
- Skrubu nene za kukazwa kwa spana, mm 8 kwa 120, nne, pamoja na washa (vibati vya duara vya chini ya kichwa)
- Plagi za plastiki za mm 10 (za kuingiza kwenye tundu la ukuta zishike skrubu), nne
- Gundi ya mbao, msasa, pimamaji, patasi, drili yenye nyundo na biti ya zege ya mm 10

Hatua

1. Pima kwanza upana wa ndani wa ngazi, kutoka mguu hadi mguu. Bano linaingia katikati ya miguu hiyo, hivyo kutoka juu ya mkono hadi mwisho wa mshazari pabaki pungufu ya upana huo kwa sm 5 angalau. Hapa tumetumia sm 25. Wengi huweka mshazari mrefu wakidhani ndiyo uimara, kisha mguu wa chini unagonga na ngazi haiingii.

2. Kwa kila bano kata mgongo wa sm 50 na mkono wa sm 25 kutoka 2 kwa 4. Kutoka 2 kwa 2 kata mshazari wa sm 21 (upande mrefu, ncha zote nyuzi 45) na kizuizi cha sm 5.

3. Kwenye uso wa mgongo, sm 10 kutoka juu, chonga kwa patasi kishimo cha mm 15 kinachobana ncha ya mkono uliosimama kwa upana wake. Kikilegea, uzito wote utabebwa na skrubu, nazo hazishiki vizuri kwenye ncha ya mbao.

4. Toboa kwanza, paka gundi, kisha kaza: skrubu mbili kutoka nyuma ya mgongo kuingia kwenye mkono, moja kutoka nyuma kuingia kwenye mshazari, moja kutoka chini ya mshazari kwenda kwenye mkono, na mbili za kizuizi kwenye ncha. Vichwa vya nyuma vizame, la sivyo bano litacheza ukutani. Acha gundi ikauke usiku kucha.

5. Toboa matundu ya ukutani kwenye mgongo, sm 5 kutoka kila ncha, na uyapanue mdomoni kwa kina cha mm 10 ili kichwa na washa vizame. Kichwa kikitokeza, kitaisukuma ngazi mbele.

6. Mtu akushikilie ngazi ukutani, mkono uwe kimo cha sm 140 hivi. Weka alama robo ya urefu kutoka kila mwisho, kisha sogeza kila alama iangukie katikati ya vidato viwili. Linganisha kwa pimamaji.

7. Toboa ukuta kina cha sm 9, puliza vumbi lote, na sukuma plagi hadi ipite plasta. Plagi inayotanukia ndani ya plasta huibandua, na bano huondoka nayo. Biti ikizama ghafla umekutana na tundu la tofali au maungio dhaifu. Hamisha tundu sm 4.

8. Ning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji kwenye kila mkono hadi asubuhi. Pakionekana ufa au mwanya nyuma ya mgongo, toa urudie tundu. Pakiwa salama, funika mikono kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Ikiwa ni nje ya nyumba, weka chini ya paa na ufunge ngazi kwa mnyororo na kufuli. Ngazi iliyo wazi humfikisha mwizi kwenye dirisha la juu.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, misumari ya zege haitoshi?
Jibu: Haitoshi. Hushika kwa msuguano tu, na kila ngazi inapopandishwa na kushushwa msumari hulegea. Nyundo nayo hupasua tofali.

Swali: Ukuta wangu ni wa tofali za kuchoma, tundu linapanuka kuliko biti.
Jibu: Zima nyundo ya drili, anza na biti ya mm 8, malizia na ya 10. Toboa katikati ya tofali. Likishapanuka, lijaze saruji, subiri wiki moja, utoboe pembeni.

Swali: Ngazi yangu ni ya mita 6, mkuu.
Jibu: Weka mabano matatu, na vuta uzi juu ya mikono yote. La katikati likiwa juu hata kwa mm 5, litabeba karibu uzito wote peke yake.

Swali: Na nyumba ya udongo?
Jibu: Usifunge ukutani. Chimbia nguzo mbili zilizotiwa dawa, kina sm 60, na mabano yafungwe humo kwa bolti za kupenya.