Namna ya Kutafuta Virusi Vinavyoshambulia Bakteria Katika Udongo

Virusi vilivyo vingi havina haja na binadamu, na njia nzuri ya kulithibitisha hilo ni kuvitafuta kwa mkono wako. Faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria tu, vimejaa katika udongo, katika maji na hata matumboni mwetu; mwanasayansi Félix d'Hérelle ndiye aliyevipa jina la bakteriofaji mwaka 1917. Zoezi lifanyike maabara, chini ya mwalimu aliyezoea kushughulikia bakteria.

Chota udongo wenye unyevunyevu chini ya majani yaliyooza au kwenye mboji. Tia kijiko kimoja katika mililita 10 za mchuzi wa virutubisho, yaani kimiminika cha kukuzia bakteria, wenye chumvi kidogo ya kalsiamu, kwa sababu faji nyingi hushindwa kujishikiza kwa bakteria bila madini hayo, kisha utikise kwa saa moja hivi. Ukishatulia, pitisha maji ya juu katika kichujio chenye matundu ya mikromita 0.22, ambacho hunasa bakteria na kuruhusu faji zipite.

Changanya nusu mililita ya maji hayo na kiasi kama hicho cha bakteria aina ya Mycobacterium smegmatis, subiri dakika 10, ongeza agari laini (utomvu wa mwani unaoganda kama jeli) iliyoyeyushwa na kupoozwa hadi nyuzi 50 za Selsiasi hivi, kisha mimina juu ya agari ngumu katika sahani ya petri. Andaa pia sahani isiyotiwa maji ya udongo. Wengi huiruka hatua hii, nami naona wanakosea, maana bila sahani ya kulinganishia huwezi kujua kama doa uonalo limeletwa na faji au na kiputo cha hewa.

Ziache katika nyuzi 37 kwa saa 24 hadi 48. Bakteria watatanda kama ukungu wa rangi ya maziwa, na palipo na faji patabaki kidoa angavu, pengine kidogo kama kichwa cha pini, ambacho ukikiinua mbele ya taa mwanga hupenya. Kila kidoa kilianza na faji moja iliyoingiza vinasaba vyake ndani ya bakteria, ikazaliana humo, ikampasua, na vizazi vyake vikawavamia majirani.

Usipoona kitu, watie bakteria ndani ya maji yaliyochujwa na uendelee kuyatikisa siku mbili au tatu, ili faji chache zilizomo ziongezeke, kisha uchuje na kujaribu tena. Ukifanikiwa, gusa kidoa kimoja kwa ncha safi ya pipeti na uoteshe upya mara tatu, ubaki na aina moja.

Usidharau uchafu wowote. Mwaka 2010, nchini Afrika Kusini, bilingani lililooza lilitoa faji iliyoitwa Muddy, na miaka minane baadaye ilikuwa mojawapo ya tatu zilizotumika Uingereza kumtibu kijana mwenye maambukizi ya bakteria aina ya Mycobacterium abscessus yaliyoshinda antibiotiki.

Faji yako ihifadhi kwenye friji, katika nyuzi 4, na sahani zilizotumika zichemshwe kwa mvuke wenye shinikizo kabla ya kutupwa.