Funga biwi la mboji kwanza, ndipo uhesabu miezi mitatu

Kila masika yakishika kasi malalamiko ni yale yale: "Bwana shamba, mchicha wangu umekuwa wa njano, na mboji nimeweka debe kwa debe." Ukiuliza mboji ina umri gani, unaambiwa miezi mitatu, wengine minne. Ukienda kuitazama unakuta maganda ya ndizi ya jana yamelala juu, na ukichimbua kwa jembe mvuke unatoka. Mboji hiyo haina miezi mitatu. Ina siku moja.

Taka za jikoni hutoka kidogo kidogo, kwa hiyo ndoo inamwagwa pale pale kila jioni kuanzia Desemba hadi Machi, halafu mvua ikinyesha mnachota mnachokikuta. Miezi mitatu ya kuiva inaanza siku lilipoingia ganda la mwisho. Ukiongeza ndoo moja leo, umeanza upya leo.

Hasara yake si ndogo. Vijidudu vinavyoozesha majani makavu na maranda vinahitaji naitrojeni, na visipoipata ya kutosha ndani ya taka vinaichukua kwenye udongo, mche ukabaki na njaa. Maganda mabichi yaliyochanganywa na kinyesi cha kuku nayo hutoa amonia inayounguza mizizi michanga. Ng'oa mche mmoja uone: ncha za mizizi zimekuwa za kahawia. Baada ya hapo unakimbilia dukani kununua urea ya kuponya ulichokiharibu kwa taka za bure.

Kwa hiyo kila kaya iwe na mabiwi mawili. La kwanza likijaa, lifunge: lifunike kwa majani ya mgomba au gunia, chomeka kijiti chenye tarehe, na taka zote zianze kwenda la pili. Kwa bustani ya masika yanayoanza katikati ya Machi, biwi lifungwe mwanzoni mwa Desemba. La vuli lifungwe mwisho wa Juni. Usiniletee hesabu ya "nilichelewa kidogo"; wiki tatu zilizopungua ndizo wiki ambazo mbegu za magugu zilikuwa hazijafa.

Vipimo. Biwi liwe mita moja kila upande na mita moja kwenda juu. Likiwa dogo kuliko hapo halishiki joto, na litahitaji miezi sita hivi. Nyumba yenye watu wachache iungane na jirani, hakuna aibu. Kila ndoo ya maganda ifuatiwe na ndoo mbili za majani makavu, halafu kiganja kimoja cha jivu la mkaa. Nimesema kiganja. Kuna watu wanamwaga beseni zima la jivu, naitrojeni inapotea hewani kisha wanauliza harufu kali inatoka wapi.

Maji: kamata taka kiganjani ukamue kwa nguvu. Zikitoka tone moja au mawili, sawa. Yakichuruzika, ongeza makavu. Zisipotoa kitu, nyunyizia huku ukigeuza. Geuza wiki ya tatu, ya sita na ya tisa baada ya kufunga, ya pembeni yaingie katikati, kwa sababu joto la nyuzi 55 hadi 65 linaloua vimelea na mbegu liko katikati tu. Chomeka fimbo hadi kwenye moyo wa biwi, iache dakika kumi, ichomoe uishike. Ikiwa na joto, biwi bado linafanya kazi. Ikitoka baridi lakini kavu ina vumbi, usishangilie: limelala kwa kiu, halijaiva, na ukilimwagia maji litaanza kuchemka tena.

Plastiki, vigae vya chupa na betri sitavirudia, mnavijua. Chupa zikae kwenye kiroba chake, waokotaji wanazinunua. Ila ndago ninawasihi, msiiweke kabisa. Viazi vyake vikibaki pembeni pasipo joto vitarudi bustanini vikiwa vizima.

Iliyoiva ni nyeusi, inanukia udongo, na ganda halitambuliki tena.

Usiniamini mimi wala pua yako, jaribu. Chukua makopo mawili yaliyotobolewa chini. Moja jaza udongo wa bustani, jingine nusu udongo nusu mboji. Kila moja panda mbegu 20 za mchicha, mwagilia sawasawa, subiri siku kumi. Kopo la mboji likiotesha pungufu au miche ikiwa ya njano, rudisha mboji kwenye biwi kwa wiki nne nyingine.

Na wewe uliyekwisha kuchanganya mboji mbichi kwenye tuta: kama hujapanda, geuza udongo, mwagilia, acha wiki nne. Kama miche imo, usiing'oe. Kwangua mboji yote iliyo karibu na shina, upana wa kiganja kila upande, uirudishe kwenye biwi.