SOMO: Kukagua Mercedes E-Class ya dizeli ya zamani kabla hujatoa pesa, kwa walioko Mtwara na Lindi

Pesa za korosho zikiingia, maswali kuhusu Benzi za dizeli huwa mengi. Injini zake ni imara kweli, lakini uamuzi usitegemee injini peke yake. Spea nyingi zinapanda basi kutoka Dar, zaidi ya kilomita 550 hadi Mtwara, na gari ikigoma ikisubiri kifaa inalala wiki nzima. Kwa hiyo tafuta ile ambayo fundi wa hapa anaweza kuishika.

1. Jua ni injini gani. Usisome maandishi ya kwenye buti, yanabandikwa. Soma chasisi namba kwenye kadi, kisha uilinganishe na iliyogongwa kwenye bodi. WDB210025 ni E300 Turbodiesel: silinda 6, pampu ya zamani, haina komonreli (mfumo wa dizeli wa shinikizo kubwa unaoendeshwa kwa kompyuta; ndio ulio kwenye zote zenye jina CDI). Namba 210 na 211 baada ya WDB ndizo mafundi huita W210 na W211. WDB211026 ni E320 CDI ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. WDB211020 na WDB211022 ni E280 na E320 CDI za V6. Tarakimu inayofuata ikiwa 2, gari ilitoka kiwandani na usukani wa kulia. Ikiwa 1 na usukani uko kulia, ulihamishwa. Achana nayo.

2. Iwashe ikiwa baridi. Fika asubuhi mapema na uguse bomba la juu la rejeta. Likiwa na joto, imeshawashwa kabla yako, rudi kesho. Fungua swichi, subiri taa ya njano ya koili izime, ndipo upige stata.

E300 nzima hushika mara moja. Ikitikisika na kutoa moshi mweupe, kisha ikatulia baada ya muda, kuna hita plagi (koili za kupasha joto silinda) zilizokufa. Ziko 6, na hupenda kukwama kwenye silindahedi ya aluminiamu. Zikilazimishwa zinakatikia ndani. Hulainishwa kwa dawa ya kutu siku kadhaa na kufunguliwa injini ikiwa ya moto.

Ikizunguka sana bila kushika, chukua tochi. Vibomba vya dizeli kati ya filta na pampu ni vya plastiki inayopitisha mwanga. Mwenzako apige stata wewe ukitazama: mapovu yakipita, oringi zimekauka na hewa inaingia. Oringi ni bei ndogo, ila fundi asiyeijua injini hii atashusha pampu bure.

Kwenye CDI, toa kava la juu uangalie shina la kila nozeli. Tope jeusi gumu kama lami maana yake washa ya shaba ya chini haizibi, gesi ya mwako inapanda na kuoka oili. Mara nyingi utasikia pia "ts-ts-ts" injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta). Mapema, tiba ni kusafisha kiti cha nozeli, washa mpya na bolti mpya. Ikiachwa, nozeli inaganda, na kuing'oa kunaweza kuharibu silindahedi.

3. Endesha. Mtwara mjini hadi Mikindani na kurudi panatosha. Kwenye spidi ya 60 hadi 80, kanyaga mafuta kidogo tu. Gari ikitetemeka kama inapita kwenye matuta madogo, ogopa: baadhi ya W210 na W211 za mwanzo zilikuwa na rejeta zinazovuja kwa ndani, kulanti (maji ya kupoza injini) ikaingia kwenye oili ya gia boksi ya oto na kuharibu vitambaa vya klachi. Ukirudi, iache inanguruma na AC ikiwa imewashwa juani. Mshale ukipita 100 na kuendelea kupanda, usinunue kwa ahadi kwamba "ni thamostati tu".

4. Ingia chini. W210 ni gari la kutu, na kwa zilizotoka Uingereza, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ikikutana na upepo wa bahari wa huku, haina huruma. Toa matairi ya mbele, kwaruza kwa bisibisi pale kikombe cha springi kilipochomelewa kwenye bodi. Bisibisi ikizama, siku moja springi itapasua hapo gari likiwa barabarani.

5. Pima kwa kompyuta inayosoma Mercedes yenyewe. Ile ndogo ya kusoma injini tu haitoshi.

6. Hesabu. Baki na theluthi ya bei ya gari mkononi kwa matengenezo. Huna? Nunua ya bei ya chini zaidi, au subiri msimu mwingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nimepata W211 ya 2004, taa nyekundu ya breki inawaka. Muuzaji anasema ni pedi.
Kaka, W211 za kabla ya maboresho ya 2006 zina breki za SBC (zinazoendeshwa kwa kompyuta na pampu ya umeme), na pampu yake huhesabu kila breki unayokanyaga. Ikifika kikomo inawasha taa nyekundu, na mwishowe pedali inakuwa nzito na breki zinapungua nguvu. Hata kubadili pedi lazima SBC izimwe kwa kompyuta kwanza, la sivyo pampu inaweza kusukuma na kumponda fundi vidole. Tafuta ya baada ya maboresho.

Niko Newala, mara nyingine tunatumia dizeli ya madumu. Ipi inafaa?
E300. Komonreli haivumilii maji wala dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kwa sababu pampu na nozeli zinalainishwa na dizeli hiyohiyo. Hata E300 ibadilishie filta mapema.

Inasoma kilomita 140,000. Niamini?
Dada, kama ilitoka Uingereza, omba namba yake ya usajili ya kule. Ukaguzi wa kila mwaka na umbali wake, kwa kawaida kwa maili, unasomeka bure kwenye tovuti ya serikali yao.

V6 yangu inadondosha oili nyuma ya injini, fundi anataka kushusha gia boksi abadili sili ya krenki.
Msimamishe kwanza. Kwenye injini hiyo kipoza oili kimelala katikati ya V, na sili zake zikikauka oili hutiririka nyuma na kudondokea palepale gia boksi inapoungana na injini. Amulike kwa tochi nyuma ya V kutoka juu. Pakiwa pamelowa, kazi iko juu: turbo na manifoldi zinatoka. Sili za kwanza zilikuwa za rangi ya chungwa. Dai za zambarau, zinahimili joto zaidi.