Kabla ya kupeleka chanjo ya mkoba kijijini

Tarehe kwanza. Mwenyekiti wa kijiji ajulishwe wiki nzima kabla, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite kaya kwa kaya. Usipange siku ya gulio kabla ya kuuliza.

Pikipiki iwe na mafuta ya kwenda na kurudi, tyubu ya akiba na pampu. Beba mizani, rejista, kadi za watoto. Sindano zihesabiwe kwa dozi, si kwa vichupa, na sanduku la kutupia sindano lisijazwe kupita robo tatu.

Sasa barafu. Hapa ndipo chanjo huharibika kimyakimya. Asubuhi ya safari kila mtu anawaza jua. Mtoa huduma anafungua friza, anatoa pakiti nne za barafu ngumu kama jiwe, anazipanga kwenye kikasha, anatia vichupa katikati na kufunga. Lakini pakiti iliyotoka friza muda huo ina baridi ya chini ya sifuri, na chanjo inataka nyuzi joto 2 hadi 8. Penta (chanjo ya magonjwa matano, kifaduro kikiwemo), PCV (ya nimonia), HPV (ya saratani ya mlango wa kizazi) na ya pepopunda zikiganda zimekwisha. Zikifika kijijini zimeshayeyuka, zinaonekana nzima; hata alama ya kichupani haibadiliki, maana inapima joto, haipimi baridi. Mtoto anachomwa, analia, kadi inajazwa, mama anarudi nyumbani akijua mwanawe amekingwa na kifaduro. Hajakingwa.

Kwa hiyo toa pakiti mapema, zipange mezani bila kugusana, usubiri. Tikisa moja moja: ukisikia barafu inacheza ndani ya maji, ndipo uifute na kuipanga. Sehemu za baridi husubiriwa saa nzima na zaidi, amka mapema.

Ukishuku chanjo imeganda, chukua kichupa kingine cha toleo hilohilo, kitie alama, kigandishe makusudi usiku kucha, kisha kiyeyushe. Tikisa vyote viwili, viweke mezani. Machicha ya kile unachokishuku yakitua haraka sawa na ya kile ulichokigandisha, usikitumie.

Surua haiogopi kuganda. Maji yake ya kuchanganyia ndiyo yasigandishwe. Yatoke kwa mtengenezaji yuleyule, na yapoe kabla. Andika saa ya kuchanganya kwenye kichupa: baada ya saa 6, au huduma ikiisha kabla ya hapo, kinachobaki kinatupwa.

Beba adrenalini, dawa ya dharura mtoto akipata mzio mkali. Wakati wa masika ulizia mto kabla hujaondoka, na usivuke maji usiyoona chini yake.